Cheti Ukutani, Koleo Mkononi: Maswali yenu kuhusu vyama vya kimataifa vya madaktari wa meno

Toleo lililopita nilitaja kwa sentensi moja tu Shirikisho la Dunia la Madaktari wa Meno, lile linaloitwa FDI, wala sikutegemea kwamba sentensi moja ingeniletea barua zote hizi. Nimechagua tano. Nimezijibu kadiri zilivyonigusa, kwa hiyo atakayepata jibu fupi asinichukulie vibaya. Kwa wasomaji wapya: nimetumikia hospitali za serikali miaka thelathini na mbili, mingi yake Morogoro na Tanga, na sasa nimestaafu.

*Shikamoo Daktari. Nilimsindikiza mume wangu kuziba gego kwenye kliniki moja ya binafsi hapa Moshi. Ukutani kuna cheti kikubwa chenye fremu ya dhahabu, cha chama cha kimataifa. Tulitozwa karibu mara mbili ya tulivyozoea, na tulipouliza sababu tukaonyeshwa kile cheti. Maneno yake nimeyanakili nyuma ya barua hii. Je, chama hicho ndicho kinachompa daktari ruhusa ya kutibu?*
Mama wa watoto watatu, Moshi

Marahaba mama. Hapana, sicho. Nimeyasoma maneno uliyonakili: yanasema daktari huyo alihudhuria kongamano la siku nne. Hayasemi kwamba alifanya mtihani, wala kwamba ni mwanachama. Mimi nampenda daktari anayetoka kwenda kujifunza, na huenda amerudi na jambo zuri. Lakini kuhudhuria mkutano hakumpi ruhusa ya kutibu, na bei ya gego la mumeo haihusiani na fremu.

Wewe uko Moshi, kwa hiyo nitakueleza kwa kahawa. Mkulima wa Kibosho hapeleki magunia yake KNCU, chama kikuu cha ushirika wa kahawa, yeye mwenyewe. Anakuwa mwanachama wa chama cha msingi kijijini, na chama cha msingi ndicho mwanachama wa chama kikuu. FDI nayo imejengwa hivyo. Makao yake yako Geneva, Uswisi, na wanachama wake ni vyama vya kitaifa, takribani 200 kutoka nchi zaidi ya 130. Chama cha Tanzania kimo, cha Kenya kimo. Shirikisho hilo lilianzishwa Paris mwaka 1900, wakati wa maonyesho makubwa ya dunia, na Charles Godon, aliyekuwa mkuu wa shule ya meno ya jiji hilo. Tangu siku hiyo halijawahi kumpa daktari yeyote leseni, kwa sababu si kazi yake.

Leseni inatoka kwa serikali ya nchi. Tanzania Bara ni Baraza la Madaktari Tanganyika, Zanzibar wana baraza lao, na Kenya ni baraza linalosimamia madaktari wa tiba na wa meno kwa pamoja. Hiyo ndiyo karatasi ya kuitafuta ukutani, hata kama ni ndogo na haina dhahabu. Tazama kama jina ni la huyo huyo anayemtibu mumeo na kama muda wake haujapita. Usione haya kuuliza. Kisha tazama mikono yake. Je, anavaa glovu mpya kwa kila mgonjwa? Je, vifaa vinatoka kwenye pakiti iliyofungwa kisha ikapitishwa kwenye mtambo wa mvuke unaoua vijidudu? Mambo hayo mawili yatakulinda kuliko vyeti kumi.

*Daktari, mimi ni tabibu wa kinywa na meno, Bukoba. Nimepata barua pepe kutoka chuo cha kimataifa cha madaktari wa meno. Wanasema nimeteuliwa kuwa Mshiriki wa Heshima, nilipe dola 450 kabla ya mwisho wa mwezi. Nilipe?*

Usilipe, mdogo wangu. Hao hawakujui. Hawajaona mgonjwa wako hata mmoja, na hawajakuuliza umesoma wapi. Wanaijua anwani yako tu. Wapo wanaopokea heshima ya kweli kutoka vyuo vya kimataifa, ila hao hupendekezwa na wenzao wanaowafahamu kazini, na hakuna anayewakimbiza na tarehe ya mwisho.

Ukitaka kukipima chama, uliza kinafanya nini siku ambazo hakikusanyi ada. Mfano ninaoupenda ni IADR, chama cha watafiti wa meno kilichoanzishwa New York mwaka 1920 na William Gies. Mwaka mmoja kabla yake Gies alikuwa ameshaanzisha jarida la utafiti, na jarida hilo linatoka mpaka leo. Kazi yake ya zaidi ya miaka mia inaonekana, unaweza kuisoma na kuibishia. Hao wanaotaka dola zako, waulize wakuonyeshe ya kwao. Kisha mpigie katibu wa chama chako cha kitaifa umuulize kama anawafahamu.

*Shikamoo Mama Daktari. Nimeajiriwa mwaka wa pili sasa katika hospitali ya wilaya mkoani Mbeya. Kiti cha meno kilikufa kabla sijafika, kompresa haifanyi kazi, na kuna wiki nakosa hata ganzi. Wagonjwa wanakuja wameshavimba mashavu, nang'oa, wanaondoka. Wenzangu wananihimiza nilipe ada ya chama chetu cha taifa, na wanasema sehemu yake inakwenda Geneva. Kwa heshima zote, Geneva inanisaidia nini mimi niliyeko huku?*
Daktari kijana

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu. Imenirudisha kwenye chumba changu cha kwanza, chumba chenye dirisha moja, kiti kibovu na karai la maji. Umeme ulikuwa ukija jioni, wakati wagonjwa wameshaondoka. Nilikuwa na makoleo, na nilichokijua kwa mikono yangu kilikuwa kung'oa. Watoto wa mtaa ule waliniita Mama Koleo, wakinikimbia sokoni. Liliniuma sana jina hilo, kwa sababu nilijua meno mengi niliyoyatoa yangeweza kuzibwa.

Sasa nikupe kisa ambacho kila daktari wa meno wa nchi hii angepaswa kukijua. Shule yetu ya meno Muhimbili ilianza mwaka 1979. Katikati ya miaka ya 1980, Mholanzi mmoja aliyekuwa akifundisha pale, Jo Frencken, pamoja na wenzake, walikutana na shida hii hii yako huko vijijini: mashine za kutoboa jino zilikuwepo, umeme na maji ya kuaminika havikuwepo. Wakaacha kuisubiri mashine. Wakachukua vifaa vya mkono, kijiko kidogo chenye makali na kitu kama tezo ndogo, wakakwangua ile sehemu laini iliyooza, wakaacha iliyo ngumu, kisha wakajaza tundu. Baadaye ndipo ilipokuja kutumika saruji ya glasi ayonoma, ile tunayokoroga unga na maji yake kwa mkono na kuikandamiza kwa kidole kilichopakwa vaselini. Inashika jino na inatoa floraidi taratibu. Mara nyingi mgonjwa hahitaji hata sindano. Leo dunia inaiita ART, kifupi cha Kiingereza cha *atraumatic restorative treatment*, yaani kuziba jino bila kuumiza.

Tazama jinsi ilivyosafiri. Ilijaribiwa kwa utafiti wa wazi Thailand mwaka 1991, kisha Zimbabwe mwaka 1993. Tarehe 7 Aprili 1994, Siku ya Afya Duniani, ambayo mwaka ule iliwekwa kwa ajili ya afya ya kinywa, Shirika la Afya Duniani, WHO, likaitangaza. Watafiti wakaibeba kwenye mikutano ya IADR, wakabishana nayo, wakahesabu ni meno mangapi yamedumu na kuziba kwake. Mwaka 2002 FDI nayo ikaikubali rasmi. Kabla ya hapo, daktari wa mjini aliweza kuidharau na kuiita kazi ya porini. Baada ya hapo ikaingia darasani, na nchi zenye umeme wa saa ishirini na nne zikaanza kuitumia kwa watoto wanaoogopa mashine.

Mimi niliifundishwa nikiwa tayari kazini, katika semina ya siku tano. Nilirudi kituoni na vifaa sita ndani ya mfuko wa kitambaa. Wiki ile niliziba gego la msichana wa darasa la nne, ameketi kwenye benchi, kichwa amelaza juu ya mto wa nyumbani kwangu. Miaka kumi na moja baadaye alinijia mjamzito kliniki, akafungua kinywa kunionyesha. Gego lilikuwepo. Sikuweza kusema neno.

Kwa hiyo unapouliza Geneva inakusaidia nini, ujue kwanza kwamba kilicho bora kati ya vilivyopita huko kilitoka huku kwetu. Wagonjwa waliofungua njia hiyo walikuwa wa Tanzania. Chama cha kimataifa hakikubuni ile njia. Kazi yake ilikuwa kuifanya iaminike kwa mtu ambaye hajakaa kijijini hata siku moja, nayo si kazi ndogo.

Kazi nyingine unaitumia kila asubuhi bila kujua. Unapoandika kwenye kadi ya mgonjwa "36", unamaanisha gego la kwanza la chini, upande wa kushoto. Tarakimu ya kwanza ni robo ya kinywa, ya pili ni jino lenyewe kuhesabu kutoka katikati. Ukiandika 75, kila mtu anajua ni gego la maziwa. Utaratibu huo FDI iliupitisha mwaka 1970. Waalimu wetu wazee walichora msalaba na kuandika namba kwenye pembe zake, jambo ambalo huwezi kulisema kwenye simu. Na Wamarekani wanahesabu meno yote moja kwa moja, kuanzia 1 hadi 32.

Hilo la Wamarekani lilinitia jasho mwaka 1998. Alikuja kijana aliyekuwa masomoni Marekani, mkononi ana kijikaratasi cha daktari wa huko: jino namba 14 limetoboka, lizibwe. Kwetu 14 ni gego dogo la kwanza la juu, kulia. Nikaanza kuligonga gonga, halina kitu. Nimeshaiandaa sindano, nikasita, nikamwambia afungue kinywa vizuri nianze upya. Tundu lilikuwa upande wa pili kabisa, juu kushoto, gego la kwanza, ambalo kwetu ni 26 na kwa hesabu ya Kimarekani ni 14. Mtu aliyechoka zaidi kidogo kuliko nilivyokuwa siku ile angetoboa jino zima. Tangu hapo kila rufaa niliyoandika ilikuwa na namba na maneno pia, na nakuomba nawe ufanye hivyo.

Sasa la kukusaidia wiki hii. Mwezi Mei 2021 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la afya ya kinywa, Sri Lanka ikiwa mstari wa mbele, na FDI, ambayo ina uhusiano rasmi na WHO, ikiwa imelipigania. Mwaka huohuo orodha ya WHO ya dawa muhimu iliingiza dawa ya meno yenye floraidi, dawa ya floraidi yenye madini ya fedha inayopakwa kusimamisha kuoza, na saruji ya glasi ayonoma. Unaona maana yake? Ile saruji sasa iko kwenye orodha moja na dawa za malaria. Chapisha ukurasa huo, upige mstari, uupeleke kwa Mganga Mkuu wa Wilaya kabla bajeti haijafungwa. Usiende kuomba kiti cha mamilioni. Omba saruji, seti mbili za vifaa vya mkono, na ganzi. Aliyewahi kukaa kwenye vikao vile anajua kwamba karatasi yenye nembo ya WHO inasomwa, hata pale ambapo maneno ya daktari kijana hayasikilizwi.

Sitakuficha nisichokipenda. Kongamano la FDI lilikuwa Sydney mwaka 2023, Istanbul 2024, Shanghai 2025. Daktari wa wilaya mwenye mshahara wako atafikaje huko? Matamko yanaandikwa kwa lugha za wakubwa, na mtu wa Chunya hayaoni. Nimelalamika hivyo kwenye mikutano yetu ya mwaka mpaka wenzangu wakachoka kunisikia, na nitaendelea. Lakini huko Geneva wanaohesabiwa ni vyama vya kitaifa, na mjumbe wetu anabeba kile tunachompa. Tusipompa kitu, atakaa kimya nyuma ya kibao cha nchi yetu.

Basi mpe kitu. Nunua daftari. Kwa miezi mitatu andika kila jino unalong'oa: namba yake, umri wa mgonjwa, kama lingeweza kuzibwa, kama siku hiyo ganzi ilikuwepo. Usiandike majina ya watu. Lipa ada yako, kisha omba dakika kumi kwenye mkutano wa kisayansi wa chama chetu usome hesabu hiyo. Nikiwa hai nitakuja kukaa mstari wa mbele.

*Dada Daktari, nina ujauzito wa miezi mitano. Nina magego mawili yaliyozibwa kwa ile fedha ya zamani tangu nikiwa sekondari. Nasikia ina zebaki na kwamba dunia imeipiga vita. Niende nikayatoe?*
Msomaji, Tanga

Usiyatoe sasa, mdogo wangu. Kama hayajavunjika wala hayaumi, yaache yalivyo. Wakati wa kuichimba ile fedha ndipo mvuke wa zebaki unapotoka zaidi, na huo si wakati wa kufanya hivyo ukiwa na mimba.

Ulichosikia kina ukweli wake. Karibu nusu ya ile fedha ya kuzibia, yaani amalgamu, ni zebaki. Mkataba wa Minamata uliosainiwa Japani mwaka 2013 ulizitaka nchi ziipunguze hatua kwa hatua. Ulitoa njia tisa, kila nchi ichague angalau mbili. Mwaka 2022 nchi wanachama zikaongeza kwamba isitumike kwenye meno ya maziwa, kwa watoto chini ya miaka 15, wala kwa wajawazito na wanaonyonyesha, ila pale daktari anapoona hakuna budi. FDI wakati wa mazungumzo ilishikilia kwamba ipunguzwe polepole, isikatwe ghafla, na wapo waliowakasirikia kwa hilo. Mimi niliwaelewa. Nilifikiria vituo ambavyo ile fedha ya kuzibia ndiyo kitu pekee kilichobaki kabatini, na kwamba bila hiyo lingebaki koleo. Ukihitaji kuziba jino jipya sasa, sema mapema kwamba una mimba. Na piga mswaki mara mbili kwa siku hata kama fizi zinatoka damu, kwa sababu mimba huzifanya ziwe laini na uchafu ukibaki huzidi kuvimba.

*Mama, mtoto wetu ana miezi sita. Ana homa na anaharisha siku ya tatu leo. Mama mkwe anasema ni meno ya plastiki, ameshaongea na mzee wa kuyatoa kesho asubuhi. Mke wangu anayumba. Je, hao madaktari wa dunia wanasemaje?*
Baba, Geita

Ujumbe huu uliingia kwenye simu yangu usiku, na sikusubiri gazeti. Nilimpigia baba huyu saa ileile, na nimemwomba ruhusa ya kuuchapisha kwa sababu najua nyumba nyingine wanajadiliana jambo hilohilo leo.

Hakuna meno ya plastiki. Ule uvimbe mweupe unaoonekana kwenye ufizi wa mtoto mchanga ni chonge la maziwa linalojiandaa kuota. Kila mtoto analo. Huonekana kati ya miezi minne na mwaka na nusu, umri uleule ambao watoto huanza kutambaa, kuokota vitu na kuugua homa na kuharisha, ndiyo maana watu wakaunganisha mambo mawili yasiyohusiana. Uganda wanaita ebiino, na Sudan na Ethiopia nako wanayo. Wanaoyatoa hutumia spoku ya baiskeli au kisu, bila ganzi. Nimepokea watoto waliotokwa damu mpaka wakawa weupe kama karatasi. Nimewaona wakubwa, miaka kumi na tano, chonge la pili halikuota kabisa, au limeota limepinda, kwa sababu mbegu yake ilichimbuliwa pamoja na lile la maziwa.

Madaktari wa dunia wanasemaje? FDI ina tamko rasmi linalopinga kitendo hiki. Nilimweleza baba huyu, akaniuliza swali lililonikaa moyoni: "Limeandikwa kwa Kiswahili?" Ikabidi tulitafsiri pale pale kwenye simu, mimi nikisema, yeye akimwambia mama mkwe kwa Kisukuma. Nilimsikia bibi akiuliza mambo, na yalikuwa maswali ya mtu anayempenda mjukuu wake. Aliuliza, kama si meno, basi homa inatoka wapi? Nikamwambia hilo hatulijui mpaka apimwe, na kwamba kwa mtoto wa miezi sita anayeharisha siku tatu, kupungukiwa maji mwilini ndiko kwa kuogopa kwanza. Amnyonyeshe mfululizo, wachanganye ORS, waondoke usiku huo.

Walikwenda kwa pikipiki, bibi akiwa amembeba mtoto. Alikutwa na malaria. Wiki mbili baadaye baba alinitumia picha: mtoto anacheka, na kwenye ufizi wa juu ule weupe bado upo, kila upande mmoja.